Nimepima, Mama

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kabla hakujapambazuka. Sisimizi alifumbua macho, akabaki kitandani. Alijua kinachofuata. Mama angekunywa chai akiwa amesimama, angevaa koti, angesukuma pikipiki hadi mlangoni, kisha angeuliza.

"Sisimizi, umepima oili?"

"Nimepima, Mama."

Hakuwa amepima. Hakuwa amepima hata siku moja tangu baba yake alipofariki, na sasa ilikuwa wiki ya kumi na moja.

Jina la Sisimizi alipewa na baba kwa sababu ya kupenda sukari. Baba ndiye aliyekuwa akisambaza mikate kwa pikipiki, kutoka kwenye tanuri hadi madukani. Kila Jumapili aliitengeneza pikipiki hiyo mwenyewe uani, na Sisimizi alimshikia kitambaa. Alijua kupima oili, kusafisha chujio la hewa na kukaza cheni. Baada ya mazishi, mwenye tanuri aliwawekea kazi ile wiki mbili nzima bila kumpa mtu mwingine. Mama akaichukua, akamwambia bintiye, "Mimi najua kuendesha tu. Mambo ya oili wayajua wewe. Nakuachia."

Sisimizi aliitikia. Lakini kila alipochuchumaa kando ya injini, mkono wake haukunyanyuka. Hakulia. Watu walidhani amezoea. Ndani yake palikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu ukafa ganzi; hauumi, lakini ukitaka kusimama, hausimami.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, hivyo alimfuata Mama kumsaidia kushusha mikate. Walikuwa wamebakiza maduka mawili pikipiki ilipoanza kukwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Kwenye mwinuko ikazima.

Dereva mmoja wa pikipiki za abiria akasimama. "Mama Mikate! Leo imegoma, au inadai mshahara?"

"Hata sijui, mdogo wangu. Imezima tu."

Alimpakia Sisimizi nyuma yake, akaisukuma pikipiki ya Mama kwa mguu mmoja, Mama akiwa ameshika usukani, taratibu, hadi kwa fundi. Kisha akachukua mikate iliyobaki aipeleke yeye. Mama alipoingiza mkono mfukoni amlipe, dereva alicheka. "Nipe ule mkate uliobonyea. Tumemalizana."

Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na wote walimwita Babu Spana. Alifuta kigoda kwa shati lake ili Mama akae. Akangoja injini ipoe, akafungua kifuniko chenye kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakitoa tena. Kijiti kilitoka kikavu.

"Nani anapima oili?" aliuliza.

"Binti yangu," Mama akajibu. "Kila siku alfajiri. Hakosi."

Babu Spana akakuna kidevu. "Basi hapo kuna kazi. Oili inayopimwa kila siku haiwezi kukauka hivi hivi. Ama inavuja mahali nisipopaona, ama inaungua ndani. Lazima niipasue injini yote, nitafute."

"Siku ngapi, mzee wangu?"

"Nne. Tano, kipuri kikichelewa. Na gharama yake si ndogo, mwanangu, sitakuficha."

Mama alitazama mikono yake. "Siku nne, tanuri litampa mtu mwingine njia yangu. Limeshanisubiri mara moja."

Babu Spana akachukua spana, akaiweka kwenye nati ya kwanza. Sisimizi aliitazama. Alisikia maneno ya Mama kama yanatoka nyumba ya jirani. Nati ikalegea kidogo, ikalia.

"Babu, usifungue," alisema.

Mzee akageuka. "Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Haivuji. Sikupima. Sijapima hata siku moja."

Mama aliinuka kigodani, kisha akakaa tena.

"Kila siku nilikuuliza, Sisimizi."

"Kila siku nilisema nimepima."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Vile vitu alikuwa akivishika Baba." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nikivishika mimi, basi ndiyo harudi."

Mama hakumgombeza. Alimvuta akamkalisha magotini, ingawa alikuwa mkubwa wa miaka kumi na miwili. "Unafikiri kwa nini nilikuachia wewe?" alisema polepole. "Mimi pia nilishindwa kuvishika. Nilikutupia mzigo wangu, wala sikuangalia kama umeubeba. Nisamehe."

Hapo ndipo Sisimizi alipolia, kidogo tu, na Babu Spana akajifanya anatafuta kitu kabatini hadi alipomaliza.

"Sasa," mzee akasema, "ni nani kati yetu anayejua kazi? Njoo hapa. Fungua nati ya chini."

Sisimizi akaifungua. Oili kidogo ilitoka, nyeusi, nzito kama lami. Akasafisha chujio, akamimina oili mpya, akapima mara mbili. Mama akakaza cheni huku akielekezwa na bintiye. Babu Spana akawasha. Injini ikakwaruza, ikakohoa, kisha ikatulia. Aliinama akaisikiliza kwa muda mrefu.

"Mmeiwahi. Wiki moja zaidi, ingekufa. Nilipeni oili tu. Kazi mmefanya wenyewe."

Kisha akamtazama Sisimizi. "Sikiliza. Ungesema hujapima, Mama angekasirika kidogo, mngepima, yangekwisha. Uliposema umepima, mimi nikaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo, na dawa yake ingewamaliza. Ukishindwa kazi, sema nimeshindwa. Si aibu. Mtu atakusaidia." Akamgeukia Mama. "Nawe mwanangu, pikipiki haihitaji fedha nyingi. Oili kwa wakati wake, cheni na chujio kila Jumapili uani kwenu. Anayeilaza gereji ni yule anayengoja ilie."

"Tumekusikia, mzee wangu," Mama akasema. "Ahsante."

Sisimizi alipanda nyuma, mikono ikiwa myeusi hadi kwenye vifundo. Vidole vilikuwa vinamwasha, kama mguu ulioanza kupata damu. Babu Spana alisimama mlangoni akijifuta.

"Jumamosi ijayo mpite tena," alisema. "Hata kama haina shida yoyote. Mpite tu, niwaone."