Kiraka cha Mbeleko ya Mama

Kila siku baada ya masomo Sikudhani alipita nyumbani kuvua sare na kula, kisha akakimbilia barazani kwa Mama Yoeli, fundi wa mifarishi. Kijiji chao kiko juu ya uwanda wa Newala, mahali ambapo upepo haujui kuchoka na maji hayajawahi kutosha.

Mfarishi ni shuka nene la kujifunika. Juu huwa na viraka vya rangi mbalimbali, katikati blanketi kuukuu, na chini bitana ya kitambaa cha marekani. Mama Yoeli alishona magauni na suruali kama mafundi wengine, lakini jina lake lilitangazwa na mifarishi. Kuna watu waliopanda gari kutoka Masasi kuja kuagiza kwake, ilhali Masasi kwenyewe mafundi wamejaa sokoni tele.

"Shikamoo, Mama Yoeli."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Kanawe mikono basi. Kitambaa hakipendi mafuta ya dagaa."

Kazi ya Sikudhani ilikuwa kupanga vitambaa. Mabaki ya nguo ya kila mteja yalifungwa kifurushi kwa utepe wa kitambaa kilekile, yakawekwa rafuni, kwani Mama Yoeli aliamini kwamba mabaki ya nguo ya mtu ni mali ya mtu mpaka mwenyewe aseme vingine. Vipande ambavyo wenyewe walimwachia viliingia katika matenga. Vyenye ukubwa wa kiganja vilikaa katika tenga moja, na vyembamba vya kushonea pindo katika jingine. Vile vidogo kabisa, visivyofaa hata kumvisha mwanasesere, aliviita chenga. Chenga zilitiwa guniani, na gunia likijaa zilishindiliwa ndani ya mto.

"Akiba haiozi," alisema kila alipomwona Sikudhani akitaka kufagia chenga pamoja na taka.

Sikudhani alipenda kumtazama akifanya kazi. Mama Yoeli alivitandaza viraka mkekani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akakunja jicho moja, kisha akaja kuhamisha kimoja tu. Hapo mfarishi mzima ulibadilika. Kwa kweli mtoto huyo alitamani siku moja awe na jicho kama lile.

Mwaka huo, msimu wa korosho ulipoanza, habari zilienea kwamba Nesi Esha anastaafu na kurudi kwao Masasi. Nesi Esha alikuwa mkunga wa zahanati ya kijiji. Watoto wengi wa shule ya msingi walipokewa na mikono yake walipozaliwa, na Sikudhani alikuwa mmoja wao. Wanawake wakakutana kujadili zawadi. Mmoja akataka wanunue masufuria, mwingine akataja mbuzi.

"Masufuria anayo, na mbuzi ataliwa," alisema Mama Yoeli. "Tumpe mfarishi wa mbeleko. Kila mama alete kipande cha nguo aliyombebea mtoto aliyezalishwa na Esha. Baridi ikija, ajifunike kazi yake mwenyewe."

Hakuna aliyepinga. Kuanzia siku hiyo vipande vikaanza kumiminika barazani.

Asubuhi moja Mama Siku, mama yake Sikudhani, alifungua sanduku akatoa kanga kuukuu. Zamani kanga hiyo ilikuwa ya buluu. Sasa huwezi kusema ni ya rangi gani, kwa maana jua na sabuni vilikwisha kuila yote. Akakata kipande, akakikunja vizuri na kumkabidhi binti yake.

"Mpe Mama Yoeli," alisema kwa furaha. "Mwambie hiki ndicho kilichokubeba wewe."

Njiani Sikudhani alikutana na Yasinta, mwenzake wa darasa la sita. Yasinta naye alikuwa na kipande cha mama yake, cha manjano, chenye picha za tausi ambazo bado zilionekana. Wakaonyeshana.

"Hicho chako ni cha kufutia ubao?" Yasinta aliuliza, akacheka.

Hakuwa na nia mbaya. Sikudhani naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Siku nzima darasani alikiona kile kipande kikiwa katikati ya mfarishi, na kijiji chote kikikinyooshea kidole. Aliona haya, na haya ikageuka hasira, kana kwamba mama yake ndiye aliyemkosea.

Jioni, Mama Yoeli alikuwa uani akiwasha mkaa wa pasi. Sikudhani alitazama rafu. Palikuwa na kifurushi cha Mama Huruma, mabaki ya kitenge chekundu kilichoshonwa gauni la harusi. Alikifungua, akachomoa kipande kimoja na kukiweka kwenye fungu la mbeleko. Kile cha mama yake alikisukuma chini kabisa ya gunia la chenga.

Mama Yoeli aliporudi alikiona kile chekundu, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki ni cha kwenu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mama yako ana utunzaji, jamani. Mtoto ana miaka kumi na miwili, nguo bado ina wekundu huu."

Sikudhani alijifanya anaokota pini. Maneno yake hayakuwa mengi, lakini uongo hauhitaji maneno mengi.

Mfarishi ukakua. Mama Yoeli alikipa kile kiraka chekundu nafasi ya heshima katikati, karibu na tausi wa mama yake Yasinta. Kila mpita njia alisimama kuusifia. Aliyekuwa hafurahi ni Sikudhani peke yake, hasa nyumbani, wakati mama yake alipouliza, "Kiraka changu kimekaa upande gani?" Alijibu kwamba ataona mwenyewe siku ya siku.

Siku moja kabla ya sherehe ya kumuaga Nesi Esha, mfarishi ulikuwa tayari kufuliwa ili kutoa chaki na vumbi. Kwa kuwa maji yalikuwa ya shida, kila mama aliahidi kuleta ndoo moja. Mama Yoeli alijaza beseni kubwa, akakunja mikono ya gauni.

"Mama, hatujavijaribu viraka," Sikudhani alisema. "Siku zote tunalowesha kidogo na kukandamiza kitambaa cheupe, tuone kama vinachuja rangi."

"Vinavyojaribiwa ni vipya," alijibu Mama Yoeli, akiuchukua mfarishi. "Hizi ni mbeleko, mwanangu. Zimekojolewa, zikafuliwa, zikaanikwa, zikakojolewa tena. Kama zilikuwa na rangi ya kuchuja, iliisha zamani. Humu hakuna kitambaa kipya hata kimoja."

Sikudhani alikitazama kile chekundu. Kilikuwamo kimoja. Na kikiingia majini kingewamwagia wekundu wake tausi wa mama yake Yasinta na mbeleko zote zilizokizunguka, nguo ambazo hakuna duka linaloziuza.

Wakati huohuo mama yake aliingia uani, ndoo ya maji kichwani, akitabasamu. Sikudhani alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kunyamaza na kumwacha kila mtu adhani kwamba fundi ndiye aliyekosea. Ukingo wa mfarishi ulikuwa unakaribia maji. Akaurukia na kuushika.

"Usiloweke, Mama Yoeli. Hicho chekundu si mbeleko."

"Si mbeleko?"

"Nilikitoa kwenye kifurushi cha Mama Huruma. Cha mama nilikificha." Akaendelea kuushikilia mfarishi. "Nilikionea haya. Kimepauka."

Mama Siku aliitua ndoo taratibu.

"Kwa hiyo changu hakimo," alisema.

"Hakimo, mama. Nisamehe."

Mama Siku aliketi kwenye kizingiti, na shingo yake ilikuwa nzito kana kwamba ndoo bado iko kichwani. Sikudhani alikuwa amezoea kugombezwa, lakini ukimya huo hakuuzoea. Machozi yakamtoka.

Mama Yoeli hakupiga kelele. Alilowesha kitambaa cheupe, akakikandamiza juu ya kile kiraka, akakiinua. Kilikuwa kimekuwa chekundu.

"Umesema kabla maji hayajasema," alimwambia Sikudhani. "Hilo limeokoa kazi ya watu wengi. Ila bado una deni kwa mama yako. Cha kwake kiko wapi?"

"Kwenye gunia la chenga."

Wakatazamana. Gunia lilikuwa tupu. Chenga zote zilikuwa zimeshindiliwa ndani ya mto wa Mzee Filemoni, mpiga kengele wa kanisa, na mto wenyewe alikwisha kuuchukua.

Walimkuta amejinyoosha mkekani nje ya nyumba yake, mto chini ya kichwa, macho nusu wazi. Sikudhani alimwamkia na kumweleza yote, maana Mama Yoeli alikataa kumsaidia hata neno moja.

"Mto wa mtu mzima unafumuliwa mchana kweupe?" alilalamika Mzee Filemoni, ingawa tayari alikuwa anaukung'uta. "Kumbe nimelalia mbeleko. Ndiyo maana usiku niliota nimebebwa. Fumueni, lakini urudi umejaa."

Walikata uzi wa upande mmoja na kumwaga chenga mkekani. Zilikuwa rundo, za kila rangi iliyowahi kuvaliwa kijijini. Sikudhani alizipekua moja moja, akichelea upepo usimchukulie anachotafuta. Alikuwa karibu kukata tamaa vidole vyake vilipokutana na kitu laini kuliko vingine. Akakivuta. Kilikuwa kilekile, kimekunjamana tu.

Mama Siku alikuwa amewafuata. Alikipokea, akakinyoosha juu ya goti lake.

"Mwaka uliozaliwa, mikorosho ilizaa sana," alisema. "Niliokota korosho kutwa nzima, wewe mgongoni umelala. Jua la huko ndilo lililokula rangi ya kanga hii. Wewe unaona tambara. Mimi nikiitazama naikumbuka kazi, na namkumbuka mtoto ambaye hakuwa na tabia ya kulialia."

Kisha akampa. "Kakishone."

Walirudi barazani. Sikudhani alikifumua kile chekundu, uzi baada ya uzi, akashona kiraka cha mama yake kwa mkono. Alijichoma vidole mara kadhaa. Mama Yoeli alikagua mshono, akamfumulisha upande mmoja aurudie, na aliporidhika akautumbukiza mfarishi majini. Maji yakatoka na rangi ya vumbi tu. Upepo wa Newala ukafanya kazi yake, na jioni mfarishi ulikuwa umekauka. Kabla ya giza Sikudhani alikwenda kwa Mama Huruma na kile kipande chekundu mkononi. Aligombezwa, akavumilia, akasamehewa.

Siku ya sherehe, uwanja wa zahanati ulijaa. Wanawake wanne waliutandaza mfarishi mbele ya Nesi Esha, na Mama Yoeli akamweleza ulivyotengenezwa. Mkunga alianza kupitisha mkono juu ya viraka, kimoja kimoja, akina mama wakitaja majina ya watoto wao. Alipowafikia tausi alicheka. Alipofika katikati, mkono ukasimama.

"Hiki cha nani? Mbona laini hivi?"

Sikudhani alimtazama mama yake, kisha akainua mkono yeye mwenyewe.

"Cha mama yangu, nesi. Ndicho alichonibebea mimi."

Nesi Esha aliuvuta mfarishi mpaka kile kiraka kikamgusa shavu. Akafumba macho.

"Basi hapa ndipo nitakapolaza uso," alisema. "Vingine nitavitazama. Hiki nitakilalia."

Mama Siku alijifuta macho kwa ncha ya kanga na kucheka papo hapo. Yasinta alinyoosha kidole akakigusa kiraka, kisha akawagusa tausi wake.

"Chenu kinashinda," alinong'ona. "Chetu kinakwaruza kidogo."

Walirudi nyumbani pamoja na Mama Yoeli. Mama Siku alijitwika sufuria tupu la pilau, wengine wakimfuata nyuma. Walipokaribia njia panda Mama Yoeli alimshika Sikudhani bega.

"Kitambaa kipya kinapendeza, mwanangu, na mimi nakipenda. Lakini hujui kitafanya nini kikilowa. Uongo nao ni hivyo. Unang'aa mpaka siku ya maji, halafu unawachafua hata wasiohusika. Kwa hiyo ukikosea, sema mapema. Na usimwonee haya mtu aliyechakaa kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyeivaa rangi yake."

"Nimesikia, Mama."

Mama Yoeli akashika njia ya kwake. Sikudhani akaongeza mwendo, akamfikia mama yake, akalishusha lile sufuria kichwani mwake na kujitwika yeye mpaka nyumbani.