Malkia Aliyetolewa Bure

Haya yalimpata rafiki yangu Boaz, mwalimu wa Rangwe, miaka ile ya tisini, na tangu siku hiyo sijamwona akicheka.

Mdogo wake, Tony, alikuwa na mashine ya sataranji ya betri, inayolia pii na kuwasha taa nyekundu inapotaka kete isogezwe. Siku moja, katikati ya mchezo, ilimtoa malkia wake mweusi bure. Tony akamla, akacheka.

"Hii kitu haioni mbali, brathe. Kompyuta haiwezi kutupa kitu leo ikingojea faida ya kesho."

Akamtia malkia mfukoni, akapanda boti kuvuka ziwa kwenda kisiwa cha Takawiri. Boti ikazama. Mwili haukupatikana, kwa hivyo wakazika tunda la yago, lile refu zito la mtini, mahali pake, kama ilivyo desturi ya kwao, ili asirudi kudai kaburi.

Baada ya matanga Boaz alikwenda kwa marehemu kuichukua mashine. Mchezo ulikuwa bado umepangwa. Giza likiingia, akaketi aumalize kwa niaba ya nduguye. Mashine ikamsukuma askari mmoja tu, polepole. Boaz alijaribu kumzuia, wapi! Askari akafika mstari wa mwisho, mahali anapogeuka malkia. Mashine ikalia, ikidai malkia wake.

"Hayupo," Boaz akaiambia. "Yuko ziwani."

Ikazidi kulia. Damaris, mjane wa Tony, akaita kutoka jikoni, "Shemeji, husikii mtu anabisha?"

Boaz akafungua mlango. Hapakuwa na mtu. Nyuma yake mashine ikanyamaza. Kizingitini, kwenye udongo mkavu, alisimama malkia mweusi, akidondosha maji, uzi wa nyavu umemzunguka shingoni.