Kura Siyo Malipo ya Keki

Mwezi wa saba, mtaani kwetu, watu huloweka shuka kwenye maji, huzikamua, halafu hujifunika. Ndoto zao hujaa mito. Obdulia Zazueta huota anaogelea kwenye mto wa Sonora, Meksiko, kwa bibi yake, na samaki wanamtekenya nyayo. Akiamka, shuka imekauka kau, na feni inazungusha hewa ya moto tu.

"Mzee, umelala?" anamuuliza mumewe.

"Nimelala. Niache niendelee."

Mumewe ni Encarnación, sisi tunamwita Chon. Ni fundi wa mapaa. Hapa Arizona, mafundi wa mapaa huanza kazi giza halijatoka, ili jua likija kali wao wawe wameshashuka. Ila siku hizi hata alfajiri kuna joto. Na msimamizi wao anataka wabaki juu mpaka saa nane mchana.

Mwezi ule tulikuwa tunachagua diwani. Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza ni Rolando Becerril, mwenzetu, mcheshi, anacheza muziki kuliko wanamuziki wenyewe. Yaretzi, binti wa Chon, alipotimiza miaka kumi na mitano, Rolando ndiye aliyegharamia keki ya sherehe. Ghorofa nne, na chemchemi ya maji katikati! Kwetu sisi, mtu akikugharamia keki ya binti yako, anakuwa ndugu. Unamwita kompadre. Mkeo anakuwa komadre wake.

"Kura zote mbili za nyumba hii ni za kompadre," alisema Chon. "Umekula keki yake, utamnyima kura?"

"Sikumnyima," alisema Obdulia. "Nilikula vipande vitatu."

Mgombea wa pili alikuwa Marjorie Haugen, mwalimu mstaafu. Alikuja kanisani kwetu akaongea juu ya mabadiliko ya tabianchi. Akaonyesha picha ya dubu mweupe amekaa juu ya kipande cha barafu. Watu wakamhurumia dubu, wakaenda kula.

"Dubu wa barafu!" Obdulia alicheka njiani. "Huyo mama hajui yuko Arizona?"

Alhamisi moja, Chon alikuwa juu ya paa la watu. Ghafla paa likawa mto. Maji ya kijani, yanakwenda polepole. Ng'ambo akamwona marehemu bibi yake ameshika jagi la juisi ya choya, anamwita. "Nakuja kunywa, bibi!" alijibu Chon, akakaa chini, akavua viatu, ili avuke.

Wenzake wakacheka. Walijua Chon na utani wake.

"Mwambie bibi atuletee na sisi!" mmoja alipiga kelele.

Lakini rafiki yake Nacho alimgusa shingoni. Ngozi ilikuwa kavu, inachoma. Hakuna jasho hata tone. Na Chon alikuwa hatua mbili tu kutoka ukingoni.

Walimshusha, wakamweka penye kivuli, wakammwagia maji, wakaita gari la wagonjwa. Kesho yake alirudi nyumbani kutoka hospitali, akalazwa kwenye kochi, uso kama nta.

Jirani yetu Doña (yaani Bi) Eduviges alikuja na tikiti maji. Yeye ni mhudumu wa afya wa mtaa.

"Mtu akiacha kutoka jasho na akaanza kuongea ovyo, joto limeingia kichwani," alisema. "Msimpe pole, mpozeni mwili na mwite msaada haraka. Anaweza kufa."

"Lakini joto ni la siku zote, Doña Eduviges," alisema Obdulia.

"La siku zote? Mama yako alikuwa analoweka shuka?"

Obdulia akafikiri. "Hapana. Alikuwa anafungua dirisha tu."

"Basi. Moshi wa magari na mitambo umetanda angani kama blanketi. Joto linaingia, kutoka linashindwa. Ndiyo hayo mabadiliko ya tabianchi. Yule dubu wa barafu na mumeo wana ugonjwa mmoja."

Chon akafungua jicho moja. "Mimi na dubu?"

"Wewe na dubu, baba. Sasa wagombea wote waulizeni: wewe joto hili unalionaje, na ukishinda utafanya nini? Asiyekubali kwamba tatizo lipo hawezi kulitibu."

Jumapili Rolando alikuja kumwona mgonjwa. Alimkumbatia kila mtu, mpaka mbwa. Obdulia alimpa kahawa, akakaa mbele yake.

"Kompadre, wewe ni ndugu, kwa hiyo hutanidanganya. Hili joto unalionaje?"

"Aa, komadre! Joto lipo tangu Adamu. Tabianchi ni hadithi za watu wenye viyoyozi."

"Na mafundi kupata kivuli kazini?"

"Wenye kampuni watalalamika. Chon ni mwanaume, atazoea."

Sauti ikatoka kwenye kochi, taratibu.

"Kompadre. Nilivua viatu juu ya paa."

Rolando akatazama kahawa yake.

Jioni ile Doña Eduviges alimpeleka Obdulia kwa Bi Haugen. Obdulia akauliza swali lile lile.

"Diwani hawezi kuipoza dunia," alisema Bi Haugen. "Ila anaweza kutetea sheria ya mji: kivuli, maji na mapumziko kwa kila anayefanya kazi nje. Na miti kwenye vituo vya basi."

"Sasa mbona kanisani hukusema hivyo? Ulituletea dubu!"

Bi Haugen akawa mwekundu. "Nilidhani ndiyo sayansi yenyewe."

"Sayansi iko juu ya paa, mwalimu. Njoo uulize huku."

Na alikuja. Nyumba kwa nyumba, saa tisa mchana, bila picha.

Karatasi za kura zilipofika kwa posta, maana hapa watu hupigia kura nyumbani, Obdulia na Chon walikaa mezani, wamepeana migongo.

"Umemchagua nani?" Chon aliuliza.

"Kura ni siri, mzee. Kompadre ni wa sherehe. Kura ni ya maisha yangu na yako."

Chon akaficha karatasi yake kwa mkono, kama mtoto kwenye mtihani.

Bi Haugen alishinda kwa kura chache. Rolando alinuna wiki mbili, na Krismasi ilipofika akaja kula tamale zetu za mahindi kama kawaida. Ndugu ni ndugu. Sheria ya kivuli ilibishaniwa miezi mingi, ikapita.

Kiangazi kilichofuata, Obdulia alimpelekea mumewe chakula kazini. Saa tano, jua linawaka. Akamkuta amelala chini ya turubai, chupa ya maji baridi kifuani, anatabasamu usingizini.

"Shemeji, usimwamshe," Nacho alinong'ona. "Bado dakika tano zake za mapumziko."

Obdulia akaketi kando yake kivulini, akamngoja.