Mwanya Katika Nembo

Kila siku akitoka shule, Cheche alipitia kwenye chumba cha kushonea cha shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la karate, kwa kuwa alikuwa hatulii wala hanyamazi. Mbele ya kitambaa, hata hivyo, alitulia tuli. Kutarizi alikuweza barabara, na wala hakuona haya kujisifu.

Wiki hiyo shangazi alimwachia atarizi nembo kumi na mbili za darasa lake la karate. Wanafunzi wangezivaa kifuani Jumamosi, siku ya mtihani wa mkanda wa njano. Mwalimu alikuwa amechora ngumi iliyofunikwa na kiganja, ndani ya duara. Pale chini, duara lilikuwa na mwanya wa upana wa kidole.

"Mwalimu naye! Kalamu ilimwishia wino," Cheche alicheka.

Katika chumba kile, mshono usiofika mwisho ulikuwa aibu kubwa. Akauziba mwanya kwa uzi mwekundu katika nembo zote, kisha akajipongeza.

Ijumaa mchana mwalimu alifika kuzichukua. Alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, na uso ukambadilika.

"Fundi, kazi ni safi. Ila mwanya wangu umekwenda wapi?"

Shangazi akamtupia Cheche jicho, kisha akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwalimu. Siku hizi macho yananichezea shere. Kosa ni langu."

Cheche aliijua sheria: asiyejua maana ya nembo hafanyi mtihani. Siku ilipoelezwa, yeye alikuwa akinong'ona na jirani yake, na alipoulizwa kama ameelewa, aliitikia "Ndiyo!" kwa sauti kuliko wote. Akinyamaza sasa, mkanda ni wake. Lakini shangazi, ambaye hajawahi kushona hata kifungo upande, alikuwa ameinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake. Cheche aliona uchungu, akashindwa kuvumilia.

"Shangazi, usiseme hivyo! Ni mimi niliyeziba. Mwalimu, maana ya mwanya siijui. Siku ile nilikudanganya."

"Basi kesho hutafanya mtihani."

"Najua." Machozi yalimlenga, lakini sauti haikutetemeka. "Ila wenzangu hawatakosa nembo. Nitazifumua zote sasa hivi."

Akashika mkasi mdogo, akawa anakata uzi mmoja mmoja bila kutoboa kitambaa. Mwalimu alivuta kigoda, akasubiri hadi ya kumi na mbili.

"Sasa sikiliza," alisema. "Ngumi ni nguvu. Kiganja ni adabu ya kuizuia. Duara ni sisi sote. Mwanya ni mlango, kwa sababu anayejifunza huacha nafasi ya kuambiwa amekosea."

"Na mimi nikaufunga," Cheche alisema polepole.

"Uliufunga kwa uzi, ukaufungua kwa ulimi wako mwenyewe. Kukiri kosa si kushindwa, mwanangu. Kushindwa ni kumwachia mwingine alibebe. Mtihani utafanya mwezi ujao. Kesho utasimama mbele ya wazazi, uwaeleze maana ya nembo hii."

"Mbele ya wazazi wote? Nikikosea je?"

"Utasema umekosea," mwalimu alijibu akicheka. "Si umeshajua namna yake?"