Aliyepanda Baada ya Baba

Tulirudi shimoni jioni ile kwa sababu ya sururu tu. Baba alikuwa ameiacha chini, na baba yetu anaweza kusahau siku aliyooa lakini si sururu yake. Jua lilikuwa linazama. Mama alinung'unika kwamba hata kesho ni siku. Baba akacheka, akafunga taa kichwani, akashuka.

Ngoja nikueleze sisi ni watu gani. Familia yetu huingia mahali ambapo wengine hawatii mguu: mapango, visima vilivyokufa, mahandaki ya watu wa kale. Watu wa makumbusho wakitaka kujua kuna nini chini, hututuma sisi. Baba hutangulia, maana kwetu mkubwa ndiye anayeshuka kwanza. Kaka yangu, tunayemwita Mnara kwa urefu wake, huvuta kamba. Mama hulinda ukingo. Mimi kazi yangu ni kusikiliza na kujibu, na kwa kuwa sijui kunyamaza, Baba ananiita Kidomo.

Kazini tuna mazoea mawili. Aliye chini akitikisa kamba, wa juu hujibu hapo hapo: "Panda, nafasi yako ipo." Hatuulizi ni nani. Mtu anayekosa hewa hana muda wa mahojiano. La pili, vifaa hupanda kwanza, mtu baadaye.

Shimo lile lilikuwa kaburi. Chini kulikuwa na chumba chenye kiti cha jiwe, na ukutani amechorwa mtu aliyekaa kitini, mkubwa kuliko wote, na mbele yake watu waliopiga magoti wakimwonjea chakula. Mtaalamu wa makumbusho alituambia kuwa huyo alikuwa mfalme wa wafalme. Alikufa akiapa kwamba atarudi, na watu wake wakaziba kaburi kwa jiwe, wasiache hata upenyo, jiwe ambalo sisi tulilisukuma kando. Mnara akasema akirudi atakuta watu wamekwisha kuhama. Tulicheka wote.

Basi jioni ile kamba ikatikisika. Nikajibu. Sururu ikapanda, kisha Baba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukaanza kukusanya vitu vyetu.

Kamba ikatikisika tena.

Wote tulikuwa juu.

Mnara alikuwa ameinama anafunga mkoba. Mdomo wake ukajibu wenyewe, kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia hodi. "Panda, nafasi yako ipo."

"Umesema nini?" Mama alinong'ona.

Kamba ikakaza. Kapi, lile gurudumu la kamba, likalia... kiii... kiii... bila mtu kuligusa. Ikapanda ndoo ya vifaa, tupu, inanuka mshumaa uliozimwa na shaba iliyolowa. Baridi ikatupitia mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Ikasimama kwa Baba. Baba akapiga chafya, akasema twende zetu.

Nyumbani hakunawa. Alikaa amenyoosha mgongo, akasukuma sahani mbele ya Mama.

"Onja kwanza."

Mama alidhani ni utani, akaonja. Baba akamtazama koo mpaka alipomeza, ndipo akala. Baba yangu, ambaye hukwangua sufuria hata kabla hatujakaa.

Tangu hapo tulimpoteza kidogo kidogo. Hakuniita tena Kidomo, aliniita "wewe". Aliuliza majeshi yake yamelala wapi. Jirani alikuja kumjulia hali, akajikuta amepiga magoti mlangoni, akaondoka analia na hajui kwa nini. Harufu ya shaba ikaingia kwenye mapazia. Mara moja tu, nikiwa namtilia maji, macho yake yalilegea, na Baba mwenyewe akachungulia humo.

"Kidomo," alisema, kwa sauti ya mtu aliye chini sana. "Nitoeni."

Akazama tena. Nikajua yungali hai, na nikajua kwamba tukichelewa hatutampata. Sijawahi kuogopa namna ile.

Mama ndiye aliyepata njia. Alitukusanya jikoni, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba huyo mfalme akifika chumbani kwake kaburini atataka kukaa kwenye kiti chake, na hapo atamwachia Baba mwili wake. Basi tutamjuaje Baba? Mnara aliuliza. Atakayetuma sururu kwanza, Mama akasema, huyo ndiye baba yenu. Mwingine yeyote tusimjibu, hata alie.

Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha sebuleni alichokalia Baba. Akasema kwa adabu zote kwamba kuna kazi shimoni, na kwetu mkubwa ndiye anayeshuka kwanza. Ila kama amechoka, Mnara atamtangulia. Uso ule ukakunjamana. Huyo hatanguliwi na mtu.

Tulifika shimoni jua likizama. Akaishika sururu kama fimbo ya enzi, akashuka bila kutuaga.

Tukangoja.

Kamba ikatikisika. "Nivuteni," ilisema sauti ya Baba.

Niliuma ulimi.

Ikatikisika kwa nguvu. "Nivuteni. Nimewaamuru."

Mnara alikuwa analia waziwazi, kamba imemkata viganja.

Halafu shimo likanyamaza. Likanyamaza mno... hata jiwe moja halikudondoka. Mama alipiga magoti ukingoni. Kimya kile kilimshinda, na simlaumu, maana aliye chini ni mume wake. Nilimsikia akinong'ona gizani:

"Mume wangu... vifaa kwanza. Tuma vifaa kwanza."

Baada ya muda, sururu ikapanda.

"Panda, nafasi yako ipo," nikapaza sauti, na moyo ukanipasuka kwa furaha. Tukamvuta, tukamkumbatia, vumbi lake lote likahamia kwetu. Mimi na Mnara tukasukuma jiwe, tukaziba shimo, ncha ya kamba ikabaki imebanwa nje. Njia nzima nilicheka peke yangu.

Nyumbani Mama akapakua. Baba akakaa. Akatutabasamia sote, mmoja mmoja. Kisha, taratibu, akasukuma sahani.

Mama alichukua kijiko, akaonja, akameza. Alinitazama, na macho yake yaliniomba ninyamaze. Pamoja na mdomo wangu huu, nikanyamaza.

Sasa jua likielekea kuzama huwa naaga kwamba naenda dukani. Naenda kwenye jiwe. Siku zote hakuna kitu. Leo nimeweka sikio, na ile ncha ya kamba imecheza kwenye vidole vyangu. Kutoka chini kabisa imekuja sauti ya mtu aliyechoka, inayoona haya kidogo.

"Kidomo... sururu siioni. Nimeitafuta kila mahali. Nipande hivyo hivyo?"

Huyo ni Baba. Nani mwingine angekaa gizani siku zote hizi anatafuta sururu? Jibu ninalo mdomoni, nimelisema tangu utotoni. Lakini mwili wake uko nyumbani, umenyoosha mgongo mezani, unangoja kuonjewa. Nikimwambia nafasi yake ipo, nitakuwa namdanganya.

Kamba inatikisika tena.