Bwalo Lililochorwa kwa Majivu

Ukitaka kumpata Waithera, ambaye watu wengi humwita Mama Wangui, usihangaike kwenda nyumbani kwake. Panda Dundori, kule juu ambako baridi ya Nakuru hutoka. Ingia sokoni. Pita wapakiaji wa viazi, pita malori, halafu fuata moshi. Unapotokea moshi, hapo ndipo Waithera anapika.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa gunia, maana baridi ya Dundori haina huruma. Wateja walipenda joto lile. Waliingia wakisugua mikono, wakaketi bega kwa bega, wakala githeri, yale mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, na supu gizani. Waithera hakuwaona vizuri. Aliwajua kwa sauti zao. Huyu ni yule wa lori la Gilgil, yule ni mwenye ng'ombe wa maziwa, na hawa wanaobishana ni wapakiaji.

Alikuwa mtu wa kuota mchana, Waithera. Mwiko mkononi, macho yakimtoka machozi ya moshi, yeye alikuwa amekwenda zake. Aliona jumba kubwa lenye mwanga. Aliona meza ndefu, na mvuke wa chakula ukipanda polepole, ukitoka nje kwa madirisha ya juu bila haraka. Yeye mwenyewe alikuwa katikati ya jumba hilo, anapumua. Mara nyingi ndoto ilikatizwa na harufu ya githeri iliyoanza kuungua. Wapakiaji walimtania kwamba siku hiyo mpishi alikuwa Ulaya.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyemtania kwalo, kwa sababu hakuna aliyelijua. Kifua kilikuwa kinamsumbua. Alikohoa asubuhi, akakohoa akipanda kilima kwenda nyumbani. Alikuwa amekwenda kliniki, na daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma. Kisha akamwambia waziwazi kwamba mapafu yake yamechoka kwa moshi. Akiendelea kupika ndani ya moshi ule, itafika siku atashindwa hata kubeba ndoo. Basi aache moshi, au aache kupika.

Waithera alirudi sokoni na siri yake. Aache kupika afanye nini? Kupika ndiko alikolelea watoto. Kupika ndiko kulikomfanya ajulikane kutoka Dundori hadi Nakuru mjini. Aliogopa kukohoa mbele ya watu kuliko alivyoogopa ugonjwa wenyewe.

Ndipo soko likapata kibali cha kujenga bwalo, yaani jumba la watu wote kulia chakula. Vibanda vyote vya moshi vingeondolewa, na wapishi wangepika pamoja, Waithera akiwaongoza. Habari hizo zilipomfikia, alisimama na mwiko wake, akahisi kama mtu ametoboa ukuta wa ndoto yake na kuchungulia ndani.

Mwenyekiti wa soko alikuwa Hiram Gathogo, mzee mwenye kununua na kuuza viazi. Ni mtu mwema, Hiram, ila akishaamua jambo, kumgeuza ni kazi. Kwenye mkutano alieleza bwalo lake lote akiwa amesimama. Litaangalia barabara, kama maduka yote. Litakuwa la mawe, na madirisha madogo ili baridi isiingie. Na jikoni litakuwa nyuma, upande wa bondeni. Watu wakapiga makofi. Kwani jikoni huwekwa wapi tena? Huku kwetu jikoni ni nyuma. Mgeni hupokelewa mbele, na masufuria meusi hukaa kule asikoona mgeni. Hakuna aliyefikiri kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Waithera alifikiri. Aliliona lile jikoni la nyuma, na dirisha lake dogo, na moshi wake. Alitaka kusimama aseme. Lakini akisema anaumwa, si watampa mwiko mtu mwingine? Akanyamaza. Alipokwenda nyumbani jioni hiyo alijichukia kidogo.

Wiki iliyofuata akaja Chemutai. Alikuwa msanifu wa majengo, yaani mtu aliyesomea kupanga nyumba kabla haijajengwa. Alizaliwa Rongai, kwenye mashamba ya mahindi, na alikuwa ametumwa kusaidia soko. Alimsikiliza Hiram mpaka mwisho. Hakubishana naye hata neno moja. Aliomba tu kamba, vigingi na majivu.

Majivu ya nani? Ya Waithera, bila shaka. Alikuwa nayo magunia.

Basi wakalichora bwalo la Hiram chini kwenye nyasi, kwa ukubwa wake kamili. Hapa ukuta, pale mlango, hapa meza, kule nyuma jikoni. Chemutai akasema kwamba kesho yake watu wote wale chakula cha mchana ndani ya bwalo hilo. Wazee wakatazamana. Hiram akauliza kama binti huyu anawafanya watoto.

"Mzee, kufuta majivu ni rahisi," Chemutai akamwambia. "Kubomoa mawe ni taabu."

Siku hiyo ilikuwa ya ajabu, na mpaka leo waliokuwepo huielezea kwa sauti ya chini. Ukungu ulikuwa umeondoka, na ziwa la Nakuru lilimeta mbali kule bondeni. Watu walifika na sahani zao, wakaingia kwenye nyumba isiyokuwepo. Waliingia mlangoni mmoja mmoja, kwa adabu. Mpakiaji mmoja aliruka mstari wa majivu, wenzake wakamrudisha. "Boss, umepita kwa ukuta. Zunguka kama wengine." Akazunguka. Baada ya muda hakuna aliyecheka tena. Waliketi kwenye magunia kana kwamba ni viti, wakaongea polepole, kama watu walioko ndani ya nyumba. Waithera alisimama kwenye jikoni lake la majivu, akawasha moto kwenye mawe, akapika. Aliwaona wote. Hakuwahi kujua kwamba yule wa lori la Gilgil ana mvi.

Kisha upepo wa mchana ukaja. Kila siku, jua likipanda, upepo hupanda kutoka bondeni kuja Dundori. Kila mtu pale aliujua tangu utotoni. Lakini hakuna aliyeukumbuka walipopanga nyumba. Ulifika nyuma ya jikoni, ukauchukua moshi wote, ukaupeleka moja kwa moja kwenye meza. Watu wakaanza kufikicha macho. Hiram, aliyeketi mahali pa mwenyekiti, alifunika sahani kwa kofia.

"Hapa hakuna ukuta," akasema. "Tukiweka ukuta, moshi hautafika mezani."

"Ni kweli, utapungua mezani," Chemutai akamjibu. "Lakini upepo unausukuma urudi ndani. Utakaa jikoni na mpishi."

Waithera alikuwa amejizuia muda mrefu. Sasa kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akashika magoti. Wangui, binti yake, alimkimbilia na maji, akaruka mstari, na safari hii hakuna aliyemwambia azunguke. Waithera alikunywa, akajifuta, akaona kwamba siri imekwisha kutoka yenyewe. Hasira ikampanda, hasira dhidi yake mwenyewe na dhidi ya kila mtu.

"Mkiweka jikoni hapa, mimi sitapika," akasema. "Si maringo. Daktari ameniambia mapafu yangu yamechoka kwa moshi. Mnanijengea nyumba nzuri ya kunimaliza."

Hiram aliweka sahani chini. Alimuuliza kwa nini hakusema kwenye mkutano.

"Niliogopa mtaninyang'anya mwiko."

Mzee yule, ambaye sauti yake husikika mpaka shule, aliangalia moshi, akaangalia bondeni, akamwangalia Waithera. Mwishowe akamgeukia Chemutai, akamwomba awaonyeshe pa kuliweka hilo jikoni.

Chemutai aliwaambia wote wasimame, wageuke, waache barabara nyuma yao. Wakaliona bonde. Akaeleza kwamba upepo hutoka huko mchana, wakati wa kupika kwenyewe. Kwa hiyo wale chakula upande huo wa bonde, na jikoni liende upande wa pili, kwenye kona ya juu, karibu na barabara. Upepo ukipita kwa walaji kwanza, halafu jikoni, moshi utakwenda zake. Wakafuta majivu kwa miguu, wakachora upya.

Mnung'uniko ukaanza. Jikoni mbele? Barabarani, watu waone masufuria?

"Waone," akasema Hiram. "Masufuria ya Mama Wangui yana aibu gani?"

Lakini suala la baridi hakuliacha. Aliuliza watu watakula vipi wakitetemeka. Chemutai akamwambia kwamba si lazima kuziba kila kitu ili upate joto. Ukuta mnene wa udongo hupigwa na jua la asubuhi, ukalishika joto polepole na kulitoa ndani baadaye. Madirisha makubwa yakae upande wa jua, yenye vioo. Juu kabisa, chini ya paa, ziachwe nafasi za kutoa hewa chafu, kwa sababu moshi na mvuke hupanda juu. Na kwenye paa wachanganye mabati machache ya kupitisha mwanga, wasiwashe taa mchana.

Jikoni ndiko alikokazia zaidi. Kila jiko lijengwe kwa matofali, moto uwe umefungiwa ndani, na kila moja liwe na bomba la moshi. Bomba hilo lipite paa na lizidi kilele chake. Likiishia chini, upepo huurudisha moshi ndani. Jiko kama hilo hula kuni kidogo. Lakini majivu yake yazolewe na bomba lisafishwe, la sivyo linaziba, na mpishi anarudi kulekule.

Ujenzi ulianza mvua zilipopungua. Matofali waliyafanya wenyewe kwa udongo wa palepale. Kwanza Chemutai aliwafundisha kuupima. Unautia udongo kwenye chupa, unaongeza maji, unatikisa, unaacha utulie. Mchanga hushuka kwanza, ule laini hubaki juu, na unaona kipi kimezidi. Wakachanganya na saruji kidogo, wakashindilia kwa mashine ya mkono. Hakuna tanuri, hakuna mti uliokatwa kuchoma matofali. Kundi la kwanza lilipasuka lote. Watu walikuwa na pupa, wakayaanika juani kama mahindi. Chemutai hakuwafokea. Aliwaonyesha kuyafunika na kuyanyunyizia maji mpaka yakomae, na kundi lililofuata lilitoka gumu kabisa. Waliweka msingi wa mawe, na paa lenye ukingo mpana, ili mvua isile ukuta. Maji ya paa yakaelekezwa kwenye tangi, yale ya mwanzo ya mvua yakimwagwa nje kwa sababu hubeba vumbi na mavi ya ndege.

Miezi hiyo yote Waithera alipikia nje, upande ambao upepo haumletei moshi. Hakuota tena mchana. Labda hakuhitaji. Alipoinua macho, ndoto ilikuwa inapanda mbele yake, tofali juu ya tofali, na wakati mwingine alisahau kama amelala au yuko macho.

Siku ya kufungua, Hiram alifika mapema, akasimama barabarani akiwa na wasiwasi, maana hakuona moshi jikoni. Aliingia jikoni haraka akauliza mbona hawajawasha moto. Waithera alimfungulia mlango wa jiko, akamwonyesha makaa mekundu. Moshi ulikuwa unatokea juu kabisa, mwembamba, ukielekea milimani. Wapita njia walisimama dirishani, wakayaona masufuria yamepangwa, wakasikia harufu ya supu, wakaingia. Ndani palikuwa na mwanga na joto la kadiri. Watu walipunguza sauti wenyewe, kama wanavyofanya kanisani kabla ya ibada.

Kifua cha Waithera hakijapona chote. Daktari hakumdanganya: moshi wa miaka mingi hauondoki mara moja. Lakini sasa hulala usiku bila kukohoa, na hupanda kilima chake akipumzika kidogo tu.

Mchana ule, wapishi wenzake walimwambia naye akale. Alikuwa hajawahi kula na wateja. Siku zote alikula mwisho, amesimama, nje ya kibanda. Alichukua sahani, akasimama katikati ya bwalo bila kujua pa kwenda. Hiram akamsukuma jirani yake kwa kiwiko ili mpishi apate nafasi, na Waithera akaketi. Nje ya dirisha bonde lilikuwa limelala kwenye jua, na wingu lilikuwa likipita juu ya ziwa.

Upande wake wa pili alikaa dereva kijana, mgeni, ambaye hakumjua. Alikuwa anamaliza sahani ya pili.

"Mathe, nawe umekuja kuonja?" akamwambia. "Chakula cha hapa kiko sawa kabisa. Sijui anapika nani."

Waithera alitafuna, akameza. Alivuta pumzi ndefu, na ikaingia yote.

"Ni mimi," akasema. "Na kesho pia ni mimi."