Koti la Cha Bunrye

Koti lilikuwa na joto. Hilo ndilo lililomshtua Malsuk kwanza, maana ilikuwa Januari, ghala halina hita, na kila nguo iliyopita mbele yake kwenye mkanda wa mashine tangu asubuhi ilikuwa baridi kama samaki wa sokoni. Aliliinua, akalinusa, akaligeuza. Lilikuwa koti la zambarau lililojazwa pamba, la kina bibi, na joto lake lilikuwa la nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Gu Malsuk alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimalizia hapo hapo, kwenye ghala la mitumba nje kidogo ya mji wa Incheon, Korea, akichambua nguo ambazo watu wa mjini huzitia katika masanduku ya chuma ya vichochoroni na kwenda zao wakijiona wametoa sadaka. Nzuri kulia, za kufungwa marobota ziende ng'ambo kushoto, matambara chini. Mikono yake ilijua kazi kuliko kichwa, na ilijua siri za watu pia. Nguo za kichanga zikija zimekunjwa vizuri, mtoto amekua. Suti za mwanamume zikija mfuko mzima, mtu amekufa. Zamani nguo za marehemu zilichomwa. Siku hizi watoto wana haraka, na kuwasha moto mjini ni kosa, basi mama anaishia kwenye sanduku la kichochoroni pamoja na soksi za jirani.

Ijumaa kila mchambuaji aliruhusiwa kuchukua nguo moja. Malsuk alichukua lile koti. Ndani ya kola palikuwa na jina kwa kalamu ya wino, Cha Bunrye, kama wanavyoandika katika nyumba za kutunzia wazee ili nguo zisichanganyike kwenye kufua. Begani palikuwa na mchirizi wa kutu.

"Dada, weka hilo," alisema Pilsun, aliyesimama ng'ambo ya mkanda, mdogo wake kwa miaka kumi na mkubwa wake kwa mdomo. "Hilo la bibi kizee."

"Na mimi ni nani, mwali?"

"Haya, vaa. Ila ukianza kutafuta mkongojo usiniite."

Malsuk aliishi peke yake katika chumba kilichozama nusu ardhini, dirisha lake likitazama viatu vya wapita njia. Mumewe alikufa miaka tisa nyuma. Mwanawe, Jungsik, alifanya kazi Ulsan kwenye karakana ya meli, na alipiga simu siku ya sikukuu ya mavuno na ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, akikumbuka. Siku nyingine zote sauti ya kwanza na ya mwisho mle ndani ilikuwa ya televisheni. Upweke ni uvundo, walisema wahenga, na Malsuk alikuwa ameuzoea uvundo wake kiasi cha kutousikia.

Jumamosi adhuhuri alikuwa anaosha mchele aliposikia ndara zikiburuzwa nyuma yake. Sss, sss. Kisha ikaja harufu ya pakanga iliyochomwa na dawa ya kuchua viungo, ile ya wazee.

"Nani ameniita?" sauti iliuliza, ya bibi, ya upole, yenye lafudhi ya kusini.

Bakuli lilimponyoka, mchele ukamwagika. Nyuma yake hapakuwa na mtu, ila koti msumarini, na mikono yake ikicheza kidogo.

Malsuk alilelewa kijijini, na mtoto wa kijijini hufundishwa mapema kwamba sauti isiyo na uso haijibiwi mpaka iite mara tatu, kwa sababu wafu hawafiki ya tatu. Alibana midomo. Sauti iliuliza tena, "Nani ameniita?" kisha ikanyamaza. Jumapili iliuliza mara mbili. Jumatatu mara mbili. Sakafu ilikuwa baridi chumba kizima, isipokuwa karibu na meza, ambapo palikuwa na duara la joto, upana wa mtu aliyekaa.

Utauliza kwa nini hakulitupa. Ni kwamba mtu aliyekula peke yake miaka tisa akisikia mwenzake nyuma yake, hata awe maiti, mguu mmoja unakimbia na mwingine unabaki. Jumatano, sauti ilipouliza mara ya pili na kunyamaza kwa unyonge, Malsuk alimhurumia.

"Sijui, mama," alijibu. "Si mimi. Lakini umekuja na baridi. Kaa."

Akapakua wali bakuli la pili.

Wiki iliyofuata Pilsun alianza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Malsuk alikuwa amepinda mgongo. Alitafuna kwa ufizi ilhali meno anayo. Alinung'unika nyimbo za kusini, yeye ambaye hakuwahi kuvuka mto Geum kwenda huko kusini. Siku moja Pilsun alimwita mara mbili wakati wa chakula, naye akaendelea kunywa supu kana kwamba anaitwa mwingine. Pilsun alimvuta hadi chooni, akafunga mlango.

"Dada, niambie ukweli. Nani yuko nyumbani kwako?"

"Sema polepole. Atasikia."

"Nani atasikia? Dada, usinitishe!"

Malsuk alimweleza, akinong'ona, huku akishika kola ya koti kama mtu anayeziba masikio ya mtoto. Pilsun alipoona ile kutu begani, rangi ilimtoka.

"Hii ni kutu ya mabati," alisema. "Mungu wangu. Kwetu mtu akikata roho, mmoja hupanda juu ya paa na nguo yake ya juu, akaipunga kuelekea kaskazini, akaita jina mara tatu: rudi, rudi, rudi. Nguo ile haivaliwi tena. Anafunikwa nayo maiti, kisha inachomwa. Hawa wamemwita mama yao, halafu wakalitupa koti sandukuni!"

Jioni hiyo hiyo alimpeleka kwa mganga aliyeishi juu ya duka la kuku wa kukaanga, mama wa makamo aliyevaa suruali ya jinzi na kuongea bila madoido. Hakuuliza mengi. Aligusa koti kwa ncha ya kidole, akakirudisha upesi.

"Aliitwa, akarudi," alisema. "Lakini hana mwili wa kurudia, ana koti tu, na ndani ya koti umo wewe. Kila siku unampisha kidogo. Ukifika mwezi mpya hutabaki na pa kukaa."

"Hana ubaya," Malsuk alisema.

"Sijasema ana ubaya. Nimesema hamwenei. Kesho tunalichoma, na wewe uliyemjibu ndiye utakayemwambia aende. Umwambie amekufa, na hakuna anayemsubiri. Na usije ukamwita tena kwa nguo ya mtu aliye hai, maana hapo atakayetoka ni mwenye nguo."

Walilichoma mchana, nyuma ya duka, katika pipa la mafuta, na mganga alirusha chumvi na maharage mekundu huku Pilsun akijibana ukutani, na pamba ilipoanza kushika moto ile harufu ya pakanga iliwafunika wote watatu, na mikono ya koti ikainuka ndani ya ndimi za moto, ikanyoosha, ikapapasa ukingo wa pipa kama mtu anayetafuta pa kushika gizani, na ile sauti, ambayo sasa hata Pilsun aliisikia akaziba masikio, ikauliza kwa mara ya kwanza jambo jingine, ikauliza, "Watoto wamekula?" na Malsuk akafungua mdomo, akaufunga, akalia, mpaka mganga alipompiga mgongoni kwa kiganja na kumwambia sema, sema sasa hivi au mnaondoka wote wawili.

"Cha Bunrye!" Malsuk alipiga kelele. "Mama, umekufa. Hakuna anayekusubiri. Nenda!"

Mikono ya koti iliachia ukingo wa pipa.

"Ahaa," ilisema sauti, na hilo tu, kama mtu aliyefika kituoni akaambiwa gari limeshaondoka.

Mgongo wa Malsuk ulinyooka siku ile ile. Meno yalirudi kufanya kazi. Pilsun alimletea maandazi ya mvuke kusherehekea, wakacheka, kisha Pilsun akaenda kwa mume na watoto wake. Malsuk alifungua mlango wa chumba chake. Alikanyaga karibu na meza. Palikuwa baridi kama kwingine kote. Alijisikia mwovu, kama aliyemfukuza mgeni mvuani.

Jumamosi Jungsik alipiga simu.

"Mama, mwaka mpya huu hatutaweza kuja. Kazi zimebana. Mama? Unasikia?"

"Nasikia."

"Uko sawa lakini?"

"Niko sawa, mwanangu. Mmekula?"

Alikuwa amekwishakata simu.

Malsuk alikaa akiitazama simu mpaka ikazimika mwanga. Kisha alisimama, akachukua koti lake mwenyewe, la kijivu, alilolivaa miaka sita, akapanda ngazi ghorofa nne hadi juu ya paa, penye mitungi ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa, na kamba za kuanikia. Jua lilikuwa kali na upepo unakata masikio. Alijua anachofanya. Asije mtu akasema alipotea kwa ujinga; mganga alikuwa amesema, na masikio alikuwa nayo. Akageukia kaskazini, akalipunga koti.

"Cha Bunrye, rudi! Cha Bunrye, rudi! Cha Bunrye, rudi!"

Jirani mmoja alifungua dirisha, akafunga. Malsuk alivaa koti, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akashuka kupika.

Jumatatu Pilsun alimkuta kazini mapema, ameshasimama kwenye nafasi yake, mgongo umenyooka, nywele zimechanwa vizuri kuliko siku zote. Alionekana mwenye furaha. Mikono yake tu ndiyo iliyomtia Pilsun shaka: ilishika nguo na kuziangalia, bila kujua ipi iende wapi.

"Dada Malsuk!" Pilsun aliita. "Dada Malsuk, umeamkaje?"

Hakugeuka. Pilsun aliita ya tatu, kwa nguvu, wengine wakageuka wote isipokuwa yeye. Mkanda ulipita na nguo zake. Pilsun akasogea hatua moja, akajaribu lile jina jingine, polepole, akiomba lisijibiwe.

"Cha Bunrye?"

Aligeuka upesi, uso wote umechanua.

"Abee, mwanangu," alisema. "Mbona umechelewa hivi?"